Utitiri kwenye ndoo za mboga: shajara ya mradi wa uani, Tanga

Mwisho wa Januari, kaskazi imekolea

Naanza shajara hii kwa swali moja: vidudu wanaotembea juu ya udongo wa ndoo zangu ni akina nani, na je, ndio wanaozikunja pilipili mbuzi majani?

Ua wetu ni saruji tupu, kwa hiyo kila mmea uko ndani ya ndoo ya lita 20 iliyokuwa ya mafuta ya kula, au kiroba, au dumu lililokatwa ubavu. Kuna pilipili mbuzi, nyanya, mchicha, mrehani, mnanaa, na kiroba cha tangawizi kwenye kivuli cha ukuta. Ndani yake kuna udongo wa kawaida, usumba wa nazi na samadi ya mbuzi. Mboga hizi ndizo tunazokula, na mtoto huchuma jani la mrehani akalitia mdomoni papo hapo. Chochote kinachomwagwa kwenye ndoo hizi ni kama kimewekwa mezani.

Nikimulika tochi usiku baada ya kumwagilia, naona wa namna tofauti. Wapo weupe, wazito wa kutembea, wamerundikana juu ya punje za samadi ambazo hazijaoza. Wapo wa kahawia, wa mviringo, wanaong'aa, wanaojivuta chini ya usumba. Wapo wa rangi ya njano iliyofifia wanaokimbia huku na huko bila kutulia. Halafu wapo wengine weupe, warefu kidogo, ambao ukiwagusa wanaruka. Hao wa mwisho nimewaondoa kwenye orodha mapema: ni kolembola, si utitiri. Wana miguu sita na uma mdogo chini ya tumbo ambao huufyatua kujirusha. Utitiri ni ndugu wa buibui na kupe. Mkubwa ana miguu minane, ingawa anapotoka kwenye yai huwa na sita.

Ushauri umeshaanza kumiminika. Mmoja anasema majivu, mwingine mafuta ya taa, na muuzaji wa duka la pembejeo alinyanyua chupa ya dawa ya maji kabla sijamaliza kumweleza ninachokiona. Nilimuuliza inaua nini hasa, akajibu inaua kila kitu. Hiyo ndiyo sababu ya kuirudisha mezani kwake. Sitamwaga sumu kwenye udongo kabla ya kujua aliyemo.

Mwanzo wa Februari: faneli

Kazi ya kwanza ni kuwatoa udongoni ili waonekane vizuri. Njia yake ni ya zamani. Mwitaliano Antonio Berlese aliieleza mwaka 1905 kwa kutumia faneli iliyopashwa moto kwa maji, na mwaka 1918 Albert Tullgren wa Sweden akaweka taa ya umeme badala yake. Wanaochunguza wadudu wa udongo bado wanaitumia, na uzuri wake ni kwamba chupa ya maji ya kunywa inatosha kuitengeneza.

Nilikata chupa ya lita moja na nusu chini kidogo ya mabega, nikaigeuza sehemu ya juu ikae kichwa chini ndani ya sehemu ya chini. Kwenye shingo nikaweka kipande cha wavu wa chujio lililochakaa, wenye matundu ya kama milimita mbili, ili udongo usianguke lakini vidudu wapite. Juu yake nikaweka mikono miwili ya udongo kutoka ndoo moja, bila kuuponda. Chini, maji yenye tone la sabuni, ili anayeanguka azame badala ya kuelea. Juu, taa.

Kinachofanyika ndani ni rahisi kukielewa. Vidudu hawa wanaishi gizani kwenye unyevu. Ngozi zao hukauka upesi. Taa inapokausha udongo kuanzia juu, wanashuka kufuata unyevu, wanashuka tena, mpaka hakuna pa kushukia isipokuwa majini. Ndiyo maana balbu za siku hizi zisizopata moto hazifai. Nilizunguka Ngamiani mpaka nikapata balbu ya nyuzi, nikaining'iniza kiganja kizima juu ya udongo. Anayekosa balbu anaweza kufunika mdomo wa faneli kwa kitambaa cheusi na kuiweka juani, mradi chombo cha chini kikae kivulini. Katika joto la Tanga mwezi huu, njia hiyo inafanya kazi vizuri.

Maabara hutumia spiriti badala ya maji kwa sababu huwahifadhi vidudu wasioze. Nimeiacha makusudi: mvuke wa spiriti na balbu ya moto ni hatari ya kuunguza nyumba. Mtu akitaka kuwahifadhi, awachuje kwanza, ndipo awatie kwenye spiriti mbali na taa.

Nimeweka lebo kwenye kila chupa: pilipili, nyanya, tangawizi, na mnanaa ambao hauna tatizo lolote. Huo mnanaa ni muhimu kuliko unavyoonekana. Bila kupima ndoo yenye afya, sitajua kama nilichokikuta kwenye ndoo mgonjwa ni cha ajabu.

Katikati ya Februari: waliotoka

Nilimimina maji ya chupa kwenye kisahani cheupe, nikatumia lenzi ndogo inayobanwa kwenye kamera ya simu. Nimekaa hapo mpaka chai ikapoa.

Wa kahawia wanaong'aa ni wa kundi la Oribatida. Ganda lao ni gumu, na baadhi yao wakitishwa hukunja miguu na kujifunga ndani kama kisanduku. Kundi hili lina zaidi ya spishi 10,000 zinazojulikana duniani, na kazi yao kubwa ni kula ukungu na majani yanayooza. Wanatafuna usumba na samadi vipande vidogo, bakteria na ukungu wanamalizia, na mmea unapata chakula. Huzaana taratibu. Kuwaona wengi ni dalili kwamba udongo una uhai na haujavurugwa kwa muda mrefu.

Wakimbiaji wa njano ni wawindaji. Miguu ya mbele wanaitumia kupapasa, na niliona mmoja akiwa bado amemshika kolembola mdomoni. Katika kundi hili ndimo wanamotoka utitiri wanaofugwa na kuuzwa nchi za nje kwa wakulima wa nyumba za kioo, mmoja wao akiitwa Stratiolaelaps scimitus. Kazi yao ni kula funza wa vijinzi vyeusi, yaani nzi wadogo wanaotaga kwenye udongo wenye unyevu, na vithiripi, wadudu wembamba wanaofyonza mimea, vinapojificha udongoni kubadilika umbo. Hapa uani wamekuja wenyewe, bure.

Weupe wazito wana manyoya marefu mgongoni na wanapatikana karibu wote kwenye ndoo ambazo niliona samadi mbichi. Hawa hula ukungu na uozo, na huzaana kwa kasi panapokuwa na unyevu mwingi na chakula kibichi. Kwenye mmea mzima hawana la kufanya. Lakini wana jamaa wa karibu, Rhizoglyphus, wanaoingia kwenye vitunguu, saumu na matunguu mengine yaliyojeruhiwa au kuanza kuoza. Tangawizi nimeitia alama ya kuangaliwa.

Sasa jambo lililonifanya nisimamishe kila kitu na kufikiri: mnanaa, wenye majani mapana na harufu kali kuliko mmea wowote uani, ulitoa utitiri wengi kuliko pilipili inayosinyaa. Wa kahawia kwa wingi, wawindaji wa kutosha, weupe wachache. Kama utitiri wa udongo ndio wangekuwa wanaikunja pilipili, mnanaa ungekuwa umekufa zamani. Hoja hii si timilifu kabisa, kwa kuwa mimea hii miwili haifanani na utitiri si wamoja, lakini inatosha kunielekeza macho juu, kwenye majani.

Siku zilizofuata: majani

Pilipili mbuzi inasinyaa kwenye ncha tu. Majani machanga ni membamba, yamekakamaa, kingo zimejikunja kuelekea chini, na upande wa chini una rangi ya shaba kama umepitishwa motoni. Matunda mawili yana ngozi ya kikwaru-kikwaru. Majani ya zamani chini ya mmea ni mazima. Hakuna utando wa aina yoyote.

Wengi wakiona hivi husema ni rasta, ule ugonjwa wa virusi, na huung'oa mmea. Wengine hudhani umeunguzwa na dawa ya magugu. Nilikata ncha moja, nikaiweka chini ya lenzi, nikasubiri macho yazoee. Walikuwapo: vidudu wanaopitisha mwanga, rangi ya asali iliyochujwa, wadogo mno, kama sehemu mbili za kumi za milimita. Kilichoniondolea shaka ni mayai. Yai la utitiri huyu, Polyphagotarsonemus latus, limejaa nundu ndogo nyeupe zilizopangwa mistari, na hakuna mwingine kwenye pilipili anayetaga yai la sura hiyo. Macho matupu hayawezi kumwona. Ndiyo maana watu humwona yule wa udongoni na kumhukumu yeye.

Dume wa utitiri huyu humbeba jike ambaye bado hajakamilika na kumpeleka kwenye jani changa. Wengine hushika miguu ya inzi weupe na kusafiri nao mpaka mmea mwingine. Nikigusa nyanya, inzi weupe hupepea, na nyanya zimepangwa bega kwa bega na pilipili. Nadhani huo ndio usafiri wao.

Nyanya zenyewe zina shida nyingine: nukta za manjano juu ya majani, utando mwepesi kwenye vikonyo, na vidudu wekundu upande wa chini. Huyu ni utitiri mwekundu wa nyanya, na kwa dalili zake ninaamini ni Tetranychus evansi, mgeni kutoka Amerika Kusini aliyeripotiwa barani Afrika mara ya kwanza Zimbabwe mwaka 1979. Anapenda jamii ya nyanya na mnavu kuliko vyote. Kwenye joto kama hili, kutoka yai hadi mkubwa anachukua kama wiki moja. Mnavu ulioota wenyewe pembeni ya bomba la maji umejaa wao, nimeung'oa na kuufunga kwenye mfuko.

Mwisho wa Februari: jaribio

Sitaki kuishia kwenye dhana. Ndoo za pilipili nimezigawa makundi. Kundi la kwanza nashughulikia udongo tu. La pili majani tu. La tatu vyote viwili. La nne naliacha lilivyo, nikilisogeza mbali na mengine.

Udongo: naondoa kwa mkono punje zote za samadi ambazo hazijaoza, nazibua matundu ya chini yaliyozibwa na mizizi, naweka tofali mbili chini ya ndoo ili maji yatoke, na naacha udongo wa juu ukauke mpaka kidole kikizama kiungo kimoja hakipati unyevu. Hakuna dawa.

Majani: nakata ncha zote zilizokunjamana na kuziweka mfukoni moja kwa moja, si chini. Halafu salfa. Kwa watu wa pwani salfa haihitaji kutambulishwa. Ndiyo inayopulizwa kwenye mikorosho kuzuia ubwiri unga. Lakini ile ya unga wa mikorosho haikutengenezwa kwa ajili ya kuchanganywa na maji na kupulizwa kwa bomba la mkono. Nilitafuta salfa ya kuchanganya na maji, yenye usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na kipimo cha mboga kwenye kibandiko, na nikafuata kipimo hicho hicho. Napuliza jua likiwa limezama, upande wa chini wa majani. Juani, joto likipita nyuzi 32, salfa huunguza majani, na Februari hapa kwetu hizo nyuzi hufikiwa kabla ya adhuhuri. Tena haikutani na mafuta: aliyepuliza mafuta ya mwarobaini asubiri wiki mbili ndipo apulize salfa, la sivyo majani yataungua. Miwani na kitambaa puani ni lazima, na mboga zote zilizo jirani nimezifunika.

Nyanya nimezipa matibabu mengine. Nimezipiga maji kwa nguvu upande wa chini wa majani asubuhi, maana utitiri wekundu hawapendi kulowa, kisha maji ya mbegu za mwarobaini: gramu 50 za kiini kilichotwangwa kwa lita moja ya maji, yalale usiku kucha, yachujwe kwa kitambaa, yatiwe sabuni kidogo na yatumike siku hiyo hiyo. Mwarobaini hauui papo hapo. Unawakatisha hamu ya kula na kuvuruga ukuaji wao, kwa hiyo anayetegemea kuona maiti asubuhi atauacha kabla haujafanya kazi.

Miche midogo ya pilipili iliyo kwenye vikombe nimeipitisha kwenye maji ya moto. Huyu utitiri wa pilipili hastahimili joto ambalo mche unalistahimili: nyuzi kati ya 43 na 49, dakika 15. Nilitumia kipimajoto cha jikoni na beseni kubwa ili joto lisishuke haraka. Nilizamisha majani tu, nikiwa nimeshika kikombe kichwa chini na udongo umefungwa kwa kitambaa.

Machi, kabla ya mvua

Udongo wa ndoo ya nyanya iliyokufa mwaka jana ulikuwa umerundikwa pembeni, na mizizi yake ilikuwa na vinundu vya minyoo fundo. Huo ndio udongo pekee niliouona unastahili kuuawa wote. Nimeulowesha, nikautandaza juu ya saruji unene wa kiganja, nikaufunika kwa nailoni angavu na kuzibana kingo kwa mchanga. Nailoni nyeusi haifai kwa kazi hii. Inapata moto yenyewe, wakati ile angavu inaruhusu jua lipite na kuuchemsha udongo. Unyevu nao ni lazima, kwa sababu joto hupenya kwenye udongo wenye maji kuliko kwenye vumbi. Wiki nne hadi sita za jua kali zinatakiwa, na baada ya Machi hapa kwetu nafasi hiyo haipo.

Udongo ukitoka humo hauna adui wala rafiki. Ukipandwa hivyo hivyo, wa kwanza kurudi ni wale wanaozaana haraka, yaani vijinzi na utitiri weupe. Kwa hiyo nitauchanganya na vikombe vichache vya udongo kutoka chini ya mnanaa. Wale wa kahawia na wakimbiaji wana nyumba mpya ya kwenda.

Jirani yangu, mama mtu mzima anayefuga kuku, alikuja akiwa amekuna mikono mpaka imekuwa myekundu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hao wadudu wa ndoo zako wamenifuata mpaka kwangu. Usiku silali."

Nikamwomba twende bandani kwake. Mchana nyufa za vichanja zilikuwa na vumbi la kijivu, na nilipochokonoa kwa kijiti likatembea. Walikuwa utitiri wa kuku, Dermanyssus gallinae, wanaojificha mchana na kunyonya damu usiku, na wanaoweza kukaa miezi bila chakula banda likiwa tupu. Hawaishi kwenye udongo wa mboga. Kilichowafikisha mikononi mwake ni kuzoa mbolea ya kuku mbichi kutoka bandani na kuitia kwenye michicha yake siku hiyo hiyo. Tumekubaliana: vichanja vichomwe moto nyufani na kupakwa chokaa, mbolea ilundikwe mbali, igeuzwe mpaka ioze na ipoe, ndipo iende kwenye mboga. Ameahidi kunigawia.

Machi inaisha: matokeo ya kwanza

Kundi la majani tu: ncha mpya zimefunguka, pana, kijani kibichi. Majani yaliyokwishakunjamana hayanyooki tena, na hilo ni la kawaida, sumu ya mate ya utitiri huyu hubaki kwenye jani hata yeye akishaondoka. Kundi la vyote viwili: hivyo hivyo, na mimea inaonekana na nguvu zaidi, nadhani kwa sababu mizizi inapumua. Kundi la udongo tu: udongo umebadilika kabisa, weupe wamepungua sana kwenye faneli, lakini ncha zinaendelea kujikunja. Kundi la nne lina hali mbaya kuliko yote, na nimelitibu sasa kwa sababu sioni faida ya kuliacha life.

Ni ndoo chache za uani, si shamba la utafiti. Hata hivyo kwangu jibu limepatikana. Kilichokuwa kinakunja pilipili kilikuwa juu, na wa chini walikuwa wanafanya kazi yao. Weupe wa udongoni walikuwa wanasema kitu kingine, kwamba samadi ni mbichi na maji hayatoki, na hayo yana tiba bila hata tone la dawa.

Nimesoma kidogo kuhusu muhogo jioni hizi, kwa sababu hapa kisamvu ni chakula cha kila wiki. Utitiri wa kijani wa muhogo, Mononychellus tanajoa, aliingia Afrika kutoka Amerika Kusini na kugunduliwa Uganda mwaka 1971, kisha akaenea ukanda wote wa muhogo, Tanzania ikiwamo. Dawa za kupuliza hazikuwa na maana kwa mkulima mdogo wa muhogo. Watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za tropiki, walirudi Amerika Kusini kutafuta anayemla huko kwao, na mwaka 1993 wakaachilia nchini Benin utitiri mwindaji kutoka Brazil, Typhlodromalus aripo. Mchana anajificha kwenye ncha ya mmea, usiku anashuka kwenye majani kuwinda, na amekaa na kuenea mwenyewe nchi nyingi. Nao watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, wamefanya kazi na ukungu wa Metarhizium unaoua utitiri wekundu wa nyanya. Nikifikiria hayo, ile chupa inayoua kila kitu inanitia hofu zaidi kuliko mwanzo. Mwindaji huzaana nyuma ya windo lake. Ukiwaua wote pamoja, windo ndilo linalotangulia kurudi.

Masika, Aprili na Mei

Mvua imefanya kazi yangu kwenye nyanya. Utitiri wekundu wameoshwa na hawajarudi kwa wingi. Shida imehamia chini.

Viroba vimejaa maji, na weupe wamerudi, safari hii hasa kwenye tangawizi. Nimefukua. Vipande kadhaa vya tangawizi vimelainika, na ndani ya sehemu iliyooza kuna utitiri wanene, weupe wa lulu, miguu ya rangi ya kahawia, wamerundikana. Hawa ni jamaa wa Rhizoglyphus niliowatilia shaka Februari. Waliingia baada ya uozo au uozo ulikuja nao, siwezi kutenganisha, na kwa tiba haibadilishi kitu: vyote vilivyolainika nimevitoa na kuvianika mbali juu ya bati, vilivyo vigumu nimevikata sehemu yenye doa, nikaviacha vikauke jeraha kivulini, na kuvipanda upya kwenye mchanganyiko mwepesi wenye mchanga mwingi, kiroba kikiwa kimetobolewa hadi ubavuni na kuinuliwa juu ya matofali. Nimekisogeza chini ya upenu.

Vijinzi vyeusi navyo vimeanza kuruka nikimwagilia mchicha. Nilikata kipande cha kiazi mbatata, nikakilaza juu ya udongo usiku mmoja, na asubuhi chini yake walikuwapo funza wanaopitisha mwanga, wenye vichwa vyeusi. Nimefunika udongo kwa mchanga mkavu wa mto, unene wa kidole, wasipate pa kutaga. Wawindaji wapo kwenye ndoo hiyo, faneli inawaonyesha. Sitaingilia zaidi ya hapo.

Jambo moja niwaambie wanaochukua udongo mweusi kutoka msituni wakidhani ndio tiba ya kila ndoo, kwani kuna wanaoutoa kwa viroba njia ya kwenda Amani, kwenye milima ya Usambara. Mita moja ya mraba ya udongo wa msitu inaweza kuwa na makumi ya maelfu ya utitiri, na karibu wote wanategemea kivuli na majani ya pale pale. Ukiuleta kwenye ndoo juu ya saruji wanakufa. Msitu umepoteza, na ndoo haikupata kitu. Mboji ya nyumbani iliyooza vizuri inafanya kazi hiyo.

Julai, kusi inavuma

Pilipili zote zimezaa, hata zile za kundi la nne, ingawa hizo zimechelewa na matunda yao ni madogo. Tangawizi imechipua. Udongo uliopikwa na jua nimeupanda nyanya mpya, na nimeziweka upande wa pili wa ua, mbali na pilipili, na kitambaa cha njano kilichopakwa grisi katikati kunasa inzi weupe.

Mchanganyiko ninaoutumia sasa kwa kila ndoo mpya: sehemu mbili za udongo, moja ya usumba uliooshwa chumvi, moja ya mboji au samadi iliyooza mpaka haina harufu na huwezi kutambua punje, na nusu sehemu ya mchanga wa mto. Kikombe kimoja kutoka ndoo ya mnanaa. Matundu chini na ubavuni. Kila mmea ulionunuliwa au kupewa unakaa peke yake kwanza, na ncha zake zinapita kwenye lenzi kabla ya kuungana na wengine.

Jirani ameshika faneli ya pili. Banda lake limepakwa chokaa, mikono imepona, na mbolea yake ya kuku imeoza vizuri kuliko samadi yangu. Vuli ikianza tutapima ndoo zake na zangu siku moja, udongo na majani, kabla ya mvua na baada yake. Ninachotaka kukijua safari hiyo ni kama wawindaji waliohamishwa kwa kikombe wamekaa kwenye udongo uliopikwa na jua, au wamekuwa wakija wenyewe na mboji.